Mwalimu Filomena Kokuberwa, Mama wa Kikojozi wa Runinga

Mwalimu Filomena Kokuberwa, tunayemzika hapa Chanika leo Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, alizaliwa tarehe 8 Desemba 1956 katika kijiji cha Kanyigo, mkoani Kagera. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu mzee Kasiani, aliyekuwa katekista, na wa mwisho kuondoka katika tumbo lile la watoto wanne. Wasifu huu unasomwa na mwanawe wa kwanza, Edgar, kama ilivyo desturi ya familia yetu. Umeandikwa na mwanawe wa pili na wa mwisho, Vaileth, ambaye humu anatajwa kwa jina kama wanavyotajwa watu wengine, asije akaonekana anajipendelea.

Wengi mliokuja mlimjua marehemu kama Mama wa Kikojozi, kwa sababu ya kisa alichokitunga kuhusu msichana anayeitwa Vaile ambaye hukojoa kitandani. Kisa hicho kilisomwa shuleni, kikachezwa kwenye runinga, na nchi nzima ikacheka. Tangu wakati huo Vaileth alimwomba mama yake jambo moja tu, alitoe jina lake katika kisa kile. Marehemu ameondoka bila kulitoa. Kazi hiyo sasa inafanywa na wasifu huu, na yeyote asiyependa mambo ya namna hiyo msibani anaweza kutangulia kule kwenye masufuria. Edgar hatakwenda. Ni mtu wa kumaliza anachokianza, na hata asipomaliza, nakala mia nne zimegawiwa tangu asubuhi.

Marehemu alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974. Alihitimu ualimu mkoani Mwanza mwaka 1976. Akiwa darasa la tatu waliambiwa waandike insha juu ya ng'ombe wa nyumbani. Kwa mzee Kasiani hapakuwa na ng'ombe, palikuwa na kuku na migomba. Filomena akamchukua ng'ombe wa jirani, akamweka katika zizi la baba yake, akampa jina, akamkamua asubuhi na jioni kwa ukurasa mzima, akapata alama zote. Mwalimu akaisoma insha kanisani baada ya misa. Jirani akaja nyumbani kuuliza ni lini alimtoa ng'ombe wake. Filomena akamjibu, "Nyumbani ni wako. Kwenye daftari ni wetu." Kisa hiki alikisimulia kila Krismasi, akicheka hadi kujifuta machozi kwa ncha ya khanga, na sisi tulicheka naye. Kilikuwa kisa kizuri. Hakuna aliyemuuliza yule jirani alijisikiaje.

Alifika Dar es Salaam mwaka 1977 na kupangiwa shule Temeke, kisha mwaka 1985 akahamia Tabata, alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 2016. Alikuwa mwalimu hasa, na hilo halina ubishi hata kwa mwandishi wa wasifu huu. Alifundisha kusoma watoto ambao wenzake walikuwa wamewakatia tamaa. Hadithi zake alizijaribu darasani mchana, saa ambayo watoto wameshiba na joto limepanda. Alisoma kwa sauti, jicho moja likiwa kwenye karatasi na jingine kwenye dawati la nyuma. Mtoto wa nyuma akijikuna, sentensi ile ilikatwa. Akipiga miayo, ukurasa mzima ulikwenda. Ndiyo maana vitabu vyake saba havina neno la ziada, na ndiyo maana watu wazima wenye mvi bado wanakumbuka mistari yake.

Tarehe 23 Julai 1983 alifunga ndoa na Deogratias Kamugisha, karani wa reli, mtu mpole aliyezungumza kama anaogopa kumwamsha mtu. Walijaliwa watoto wawili, Edgar, aliyezaliwa Februari 1986, na Vaileth, aliyezaliwa Agosti 1988. Kwa jinsi desturi yetu ilivyo, marehemu aliitwa Mama Edgar, na jina hilo alilipenda kuliko hata la ualimu. Ukimwita Mwalimu aliitika. Ukimwita Mama Edgar aligeuka mzima mzima. Deogratias alifariki mwaka 2004 na kuzikwa Kanyigo. Marehemu alikataa kupelekwa huko. Alisema azikwe Chanika kwa sababu wanafunzi wake wako Dar, na Kanyigo watakuja watu wangapi?

Sasa tufike penyewe. Pale Tabata familia ilipanga vyumba viwili, na watoto walilala chumba kimoja, godoro moja, Edgar upande wa ukutani na Vaileth upande wa mlango. Godoro lile lililowa karibu kila siku. Alfajiri Deogratias alilitoa mwenyewe, akaliegemeza kwenye ukuta wa nyuma, akaenda kazini. Jirani wa mlango wa pili, Bi Zubeda, mzaliwa wa Kimbiji aliyeolewa Tabata, aliliona kila asubuhi, na watoto wa ua ule waliliona pia. Godoro moja lina watoto wawili, na nje hapakuwa na wa kujua ni nani kati yao.

Mwaka 1996 marehemu aliandika *Vaile na Godoro Lake*. Ni kitabu chembamba cha darasa la tatu, na ni kitabu chema. Msichana Vaile anakojoa kitandani. Watoto wa mtaa wanambebesha mkeka uliolowa kichwani na kumzungusha nyumba kwa nyumba wakimwimbia, kama walivyokuwa wakifanyiwa vikojozi zamani zile. Kisha nesi anawakalisha wale watoto chini, anawaeleza kwamba ni mwili haujakomaa, si uvivu wala uchafu, na mtaa mzima unamwomba Vaile radhi. Siku marehemu alipomsomea mumewe kwa mara ya kwanza, Vaileth alikuwa upande wa pili wa pazia, akimenya maharage.

"Mbona umeweka jina la Vaile?" baba yake aliuliza.

"Ni kitabu cha watoto, Baba Edgar. Jina ni jina tu."

"Filomena, anayekojoa unamjua."

"Namjua."

"Sasa?"

"Edgar ni mwanamume. Kesho ataoa, kesho kutwa atakuwa na watu chini yake. Vaile ataolewa, ataitwa kwa jina la mumewe, nani atakumbuka?"

Deogratias hakujibu. Lilikuwa kosa lake kubwa maishani, kutojibu, na alilirudia mara nyingi.

Ikiwa sauti ya msomaji imekatika hapa, waombolezaji tunawaomba mfungue ukurasa wa tatu, aya inayoanza na maneno "Aliyekuwa akikojoa ni Edgar". Mnaweza kuendelea wenyewe kimya kimya, au yeyote mwenye sauti nzuri asimame awasomee wengine.

Aliyekuwa akikojoa ni Edgar. Alikojoa tangu utotoni hadi Januari 2000, alipoanza kidato cha kwanza, kisha kukakoma kwenyewe kama kinavyosema kitabu cha mama yake. Kukojoa hakukuwa kosa lake. Alikuwa mtoto, alilia kila asubuhi, na Vaileth alimwonea huruma kiasi kwamba mara nyingine alibadilishana naye upande wa kulala, ili baba yao akiingia akute mahali palipolowa ni pa Vaileth. Makosa ya Edgar ni ya baadaye na zamu yake itafika. Asiyeamini amwulize Bi Zubeda, ambaye yupo chini ya turubai la kina mama, amevaa baibui na miwani. Mwaka jana Vaileth alimwuliza iwapo alijua.

"Mwanangu, mie mambo ya godoro siyajui," alisema. "Lakini kwenye kamba nilikuwaga naona kaptula. Kila siku ya Mungu kaptula. Gauni lako sijaliona likianikwa asubuhi hata siku moja."

"Sasa mbona hukusema, Bi Zubeda?"

"Nimwambie nani? Mama yako mwalimu, ameandika kitabu. Mie nani anisikilize?"

Mwaka 1999 kampuni moja ndogo ya filamu ya Kinondoni, ambayo sasa imebadilisha jina, ilitaka kukigeuza kitabu hicho kuwa mchezo wa runinga wa sehemu mbili. Mwongozaji alikuwa kijana anayeitwa Badru, mwenye kamera moja na kofia aliyoigeuza nyuma. Mama alimpa hadithi, akampa ua wa nyumba, akampa watoto wa mtaa wa kuzunguka wakiimba. Badru alipouliza nani atacheza Vaile, mama alimpa Vaile. Msichana wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, aliyeonekana wa minane.

Mkeka ulilowekwa maji ya bomba. Vaileth akabebeshwa, watoto wakaimba, kamera ikawashwa, na Vaileth hakulia. Wakarudia. Hakulia. Alikuwa anajua ni mchezo, na maji ya bomba ni maji ya bomba. Badru akaanza kukuna kichwa.

"Mwalimu, bila machozi hapa hatuna kitu."

"Nipe dakika moja," mama alisema.

Akamwita mwanawe pembeni, akainama, akamwekea mkono begani kwa upole ambao hata leo Vaileth akiukumbuka unamchanganya. Akamwambia sikioni, "Usipolia, nitamwita Edgar asimame hapo na mkeka kichwani. Na yeye atalia kweli."

Vaileth akamtazama kaka yake, aliyekuwa amekaa kwenye kibaraza na daftari la hesabu, hajui linalosemwa. Akalia. Alilia hadi Badru alipozima kamera, na baada ya hapo akashindwa kuacha. Kilio mlichokiona kwenye runinga miaka yote hii si cha aibu ya kukojoa. Ni cha mtoto aliyempenda kaka yake.

Sehemu ya kwanza ilioneshwa Alhamisi jioni. Ndani yake mna godoro, mkeka, wimbo na kilio. Sehemu ya pili, yenye nesi na watoto kuomba radhi, ilioneshwa Alhamisi iliyofuata, wakati umeme ulikuwa wa mgao na zamu ya giza ilikuwa ya kwetu na ya nusu ya jiji. Watu hawakuiona. Waliyoiona iliwafurahisha, wakataka irudiwe, na kila iliporudiwa ilikuwa ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayochekesha. Hivyo kisa kilichoandikwa ili watoto wasichekwe kikageuka kikao cha taifa cha kumcheka mtoto mmoja. Marehemu aliliona hilo. Alilalamika kwa Badru mara moja, Badru akamwambia watu wameipenda, na hakulalamika tena.

Tangu siku ile Vaileth hakuwa na jina. Sokoni, shuleni, kanisani kwenye kipaimara, alikuwa Kikojozi. Wasichana wa sekondari walikataa kulala kitanda cha chini yake. Akimlilia mama yake, mama alimwambia, "Vumilia, wewe ni msanii," kisha akageukia madaftari yake ya kusahihisha. Na Edgar? Hapa ndipo makosa yake yanapoanzia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, shuka lake bado linaanikwa, na alipoona wenzake wanaimba, naye akaimba. Aliimba kwa sauti ya juu kuliko wote. Vaileth alimsikia kutoka chooni, akabaki humo hadi kengele ya kuingia darasani.

Mwaka 2013 Vaileth alichumbiwa na Benson, muuza vipuri vya magari. Kwenye kicheni pati kina mama wa upande wa mwanamume walimletea zawadi zilizofungwa vizuri, sufuria, vikombe, mashuka, na mwishoni wakaleta mpira wa kutandika kitandani, ule wa hospitali, umefungwa utepe mwekundu. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Marehemu alikuwa amekaa meza ya mbele, naye akapiga. Wiki mbili baadaye, kwenye sendofu, Edgar alilipia skrini kubwa kwa hela zake mwenyewe. Mshereheshaji alisema kuna zawadi ya kaka. Taa zikapunguzwa, na mbele ya wakwe, Vaileth akajiona tena akiwa na mkeka kichwani. Edgar akachukua kipaza sauti.

"Jamani, huyu sista tangu mdogo alikuwa na mambo yake!"

Watu walicheka hadi wengine wakaegemea meza. Benson alicheka pia, akamshika mkono mchumba wake, na wakati huo alikuwa bado analichukulia kama utani. Baadaye, kila walipogombana, neno lile lilitoka kinywani mwake la kwanza, mlango ukiwa wazi ili majirani wasikie. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 2020. Iliwaachia mtoto mmoja, Blessing, na Vaileth hadai kwamba mpira ule wa kitandani ndio ulioivunja. Anasema tu ulikuwa wa kwanza kutandikwa.

Mwaka jana, 2024, Badru alirudi. Sasa ana tumbo, ana gari na ana vijana wanaochora katuni kwa kompyuta. Alitaka kisa kile kiwe katuni ya vipindi vingi, na kipande cha majaribio kilikuwa tayari kimeanza kuzunguka kwenye simu. Mchoro ulifanana na Vaileth hadi pengo la meno. Jina lilikuwa Vaile. Siku moja mwezi wa Septemba Blessing, ambaye ana miaka tisa, alirudi kutoka shule akakaa mlangoni na begi mgongoni, hakuingia.

"Mama, ni kweli ulikuwa unakojoaga kitandani mpaka umekuwa mkubwa?"

"Nani kakwambia?"

"Wote. Wanasema na mie nanuka. Leo hakuna aliyekaa na mie."

Kesho yake Vaileth alikuja hapa Chanika, katika nyumba hii aliyoijenga marehemu kwa kiinua mgongo chake. Alimkuta mama yake barazani anachambua mchele. Alimwamkia, akaketi, akasema aliyokuja kusema, safari hii si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mjukuu.

"Jina ndilo watu wanalolijua," mama alijibu. "Ukilitoa hilo, umetoa hadithi."

"Basi weka la Edgar."

"Usinitanie."

"Sikutanii, Mama. Si ndiye?"

Marehemu alipepeta ungo mara mbili, tatu, makapi yakaruka. "Nimeshamkubalia Badru," alisema.

Novemba mwaka huo marehemu alipata kiharusi, akapooza upande wa kushoto. Vaileth aliacha kibanda chake cha kushona Tabata, akahamia Chanika na mtoto, akamwuguza hadi mwisho. Edgar alikuja Jumapili baada ya misa na matunda, akapiga picha amemshika mama mkono, akaziweka kwenye kundi la ukoo, akaondoka kabla foleni haijawa ndefu. Aliyoyaona Vaileth katika chumba kile, ya mwili na ya kitanda, hayamo humu na hayatasikika popote. Mgonjwa ana haki ya kufichiwa. Mtoto pia alikuwa nayo.

Januari, ulimi ulipofunguka kidogo, marehemu alitaka kuandika wasifu wake mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na lugha. Alitamka, Vaileth akaandika, kama darasani, mkato kwa mkato.

"Andika. Kitabu hicho alikitunga kutokana na tatizo la binti yake, mkato, ambaye alikuwa kikojozi, nukta."

Vaileth aliweka kalamu chini.

"Andika."

"Mama, mimi na wewe tuko peke yetu humu."

"Andika, nukta."

Aliandika, kwa sababu aliyesema alikuwa mama yake na alikuwa mgonjwa. Lakini siku chache kabla ya mwisho, akimgeuza ili mgongo usichubuke, alimwuliza kwa mara ya mwisho kama hawezi kulisema walau mbele ya Bi Zubeda peke yake. Marehemu alimtazama kwa jicho lile lililobaki zima.

"Edgar angekufa," alisema polepole. "Wewe nilijua hutakufa."

Hiyo ndiyo sifa pekee ambayo Vaileth aliwahi kupewa na mama yake. Aliifurahia. Alikwenda nje kwenye bomba akanawa uso akiwa ameifurahia, na hilo ndilo linalomuuma kuliko mpira, kuliko skrini, kuliko mkeka. Alimpenda mama yake na hajamsamehe, na hategemei moja kati ya hayo liondoke kwa sababu tu kaburi limefukiwa.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, hospitalini alikopelekwa baada ya kiharusi cha pili. Jioni yake ukoo ulikaa kikao. Edgar alichaguliwa kusimamia mambo ya mama yote, pamoja na mkataba wa katuni, na akasema atautia sahihi baada ya arobaini. Kuhusu wasifu alisema uchapwe ule aliousema mama mwenyewe, kama ulivyo, na hakuomba kuusoma kwanza kwa sababu alijua umesema nini. Vaileth alimfuata nje, karibu na tangi la maji.

"Kaka, sema wewe mwenyewe. Sentensi moja. Useme, halafu ulie, watu watakuonea huruma."

"Vai, sikia. Mie nina wakwe hapa, nina watu wa ofisini wanakuja. Wewe watu washakuzoea."

"Na Blessing?"

"Blessing mtoto. Atasahau. Na hiyo ishu ishapita, bwana, tusizikane na mambo ya magodoro."

Akampigapiga begani, mahali palepale alipowekewa mkono na mama yake siku ya kamera, akaenda kupokea wageni. Vaileth akaenda stesheneri ya Tabata, akaketi mbele ya kompyuta, akaandika.

Ndugu Badru, ambaye yuko hapa kwa heshima zote karibu na turubai la pili, naye anayo nakala. Akitaka jina la kweli kwa ajili ya katuni yake, sasa analo. Akitaka la kubuni, yamejaa. Hili la Vaile haliko tena mezani, kwa sababu kuanzia leo kila atakayeliona atajua ni uongo, na uongo unaojulikana hauchekeshi. Na ile sehemu ya pili, yenye nesi na kuomba radhi, Vaileth anaomba irushwe siku yenye umeme.

Marehemu ameacha watoto wawili na wajukuu wanne. Edgar, mhandisi, mkazi wa Kinondoni, mume na baba wa watoto watatu, aliyekojoa kitandani hadi Januari 2000. Vaileth, fundi cherehani, ambaye hakukojoa. Blessing, wa darasa la nne, ambaye Jumatatu atarudi shuleni akiwa na nakala ya wasifu huu kwenye begi, na akiulizwa ataitoa, atafungua ukurasa wa tatu, atasoma kwa sauti. Anasoma vizuri. Bibi yake ndiye aliyemfundisha.

Mwalimu Filomena Kokuberwa, Mama Edgar, kazi umeimaliza. Mungu akulaze mahali pema, na pakavu.